Sikudhani Nguchiro na Walimu Wasiovumilia Kosa

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa bado wakishona sare na kuogopa mitihani kama ninyi, palikuwa na Chuo cha Mvua. Waliosoma pale walijua mvua itanyesha lini na mafuriko yatapita wapi. Na wote walikuwa wakubwa, wakawatangazia wakubwa wenzao tu. Maji yakimfika Tembo vifundoni, yeye husema ni manyunyu. Nguchiro anayelala shimoni, maji hayo hayo humzika.

Ndiyo maana Sikudhani, binti Nguchiro, alikitaka chuo kile. Masika yaliyopita maji yaliingia shimoni kwao yakamchukua mdogo wake, wala hakuna aliyekuja kuwaonya.

Akafanya mtihani wa kuingia. Tembo, Mkuu wa Chuo, akasoma matokeo hadharani.

"Sikudhani Nguchiro, alama kumi na tisa kwa mia!"

Kwa kwa kwa! Wanyama wakaangua kicheko. Wewe hapo nyuma, usicheke. Kumi na tisa inauma, muulize aliyewahi kuipata.

Sikudhani akalia hadi pua ikavimba. Mama yake akamwambia, "Basi mwanangu, yaache. Chuo kile ni cha wenye miguu mikubwa."

"Siachi, mama. Mtihani wa marudio upo."

"Ukifeli na huo, hawakupokei tena maisha."

"Basi sifeli!"

Akamwendea Mwalimu Kiboko. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba unionyeshe nilipokosea."

"Marahaba. Aliyefeli hafundishwi hapa. Nenda jikoni ukatukorogee uji!"

Akaenda, akakoroga. Akawa anawagawia walimu uji huku masikio kayatega. Siku moja Mwalimu Nyati akakosea jina la upepo. Lo! Kiboko akauacha uji wake ukapoa mpaka ukaganda, yeye anamsahihisha mwenzake tu. Sikudhani akatabasamu. Kumbe wakubwa hawa waliweza kumnyima mtu elimu, lakini kusikia kosa wakanyamaza, hilo hawakuliweza!

Kesho yake akamwekea Kiboko bakuli, akasema kwa sauti kama anajisemea, "Mimi najua kwa nini maji ya mto hugeuka rangi. Ni Kiboko anaoga!"

"Nini?" Kiboko akaruka. Puu! Bakuli chini. "Mjinga wewe! Mto ukichafuka huku jua linawaka, maana yake huko juu imenyesha, na mafuriko yako njiani!"

"Mh! Mimi sikubali."

"Hukubali? Hukubali mimi? Twende mtoni!"

Akamswaga hadi mtoni, akamfundisha mpaka jua likazama. Hata uji wa jioni akausahau.

Ikawa zamu ya Nyati. "Mwalimu, mvua si inakaa kwenye yale mawingu meupe membamba?"

"Phuuu! Nani kakudanganya? Tazama juu!" Nyati akamchambulia mawingu yote, moja baada ya jingine, hadi shingo zikawauma wote wawili.

Tembo naye hakupona. "Mkuu, ngurumo ya mbali tunaisikia kwa pua, sivyo?"

"Kwa nyayo, kichwa maji! Kanyaga hapa nyuma ya jiko. Tulia. Sikia ardhi inavyotetemeka!"

Kila siku akirudi nyumbani, Sikudhani aliyarudia yote mbele ya mama yake. Akikosa, anaanza upya. Akichoka, anamkumbuka mdogo wake, anaanza tena.

Siku ya marudio ikafika, akafanya mtihani. Tembo akasoma matokeo. "Sikudhani Nguchiro... tisini na moja."

Tembo akapiga mguu chini, gudu! "Umeiba! Aliyefeli hafundishwi, sasa wewe haya umeyapata wapi? Taja mwalimu wako, la sivyo toka!"

Kiboko akatazama mto. Nyati akatazama mawingu. Nani angekubali mbele ya watu kwamba alimfundisha mkoroga uji?

Sikudhani akasimama wima kwa miguu miwili. "Mwalimu ninaye, Mkuu. Ni Nyati. Ndiye aliyenifundisha kusikiliza ngurumo kwa nyayo. Tena wanasema hata wewe hukuijua, mpaka yeye alipokuonyesha."

"Nyati?" Masikio ya Tembo yakapiga, paa! "Nyati anajua nini habari za nyayo? Uongo mtupu! Nilikufundisha mimi, kwa mguu wangu huu, pale nyuma ya jiko!"

"Eeeeeh!" umati ukalipuka.

"Mmesikia wenyewe," Sikudhani akasema. "Mwalimu wangu ni Mkuu wa Chuo. Haya Mkuu, nikae wapi?"

Tembo akanyoosha mkonga, akamwonyesha kiti cha mbele.

Masika yaliyofuata, kabla hata tone halijaanguka, Sikudhani alipita shimo kwa shimo akigonga, "Hodi! Hameni, maji yanakuja!" Wakahama wote, wadogo na wazee, na hakuna mtoto aliyechukuliwa na maji mwaka ule.

Basi, wajukuu zangu, ukifeli, mfuate yule yule aliyekucheka, ukachukue kwake jibu ulilolikosa.