Njaa Isiyosimuliwa

Njaa isiyosimuliwa hula mara mbili.

Latifa na kaka yake Swalehe waliusikia usemi huu kwa mara ya kwanza likizo ya Juni, nyumbani kwa bibi yao Sikudhani, upande wa Liwale. Tangu wafike walikuwa katika raha: mchana wakijifunza kupiga ngoma, jioni wakimenya karanga na kusikiliza habari za ukoo. Jioni moja Latifa aliuliza watu wa zamani walikula nini mvua ilipokataa. Mjomba wao akamkatiza. "Mama, wape watoto hadithi za kuchekesha. Hayo ya kufa watu ya nini?" Ndipo bibi akaitamka methali hiyo, na wajukuu walipotaka kujua imetoka wapi, aliweka chini ungo wake wa karanga.

"Imetoka katika ukoo wenu," alisema. "Ilianzia kwa Somoe, aliyekuwa bibi wa bibi yangu."

Njaa ya kwanza ilimkuta Somoe angali kijana, ana watoto wawili: Likwata, aliyekuwa ameanza kujua kutega ndege, na Zainabu wa mgongoni. Mumewe alikuwa amekwenda kutafuta nafaka, asirudi. Ghala lilipobaki vumbi tupu, mama mkwe wake alimpeleka porini akamwonyesha ndiga, kiazi mwitu kiotacho vichakani. Alimwambia kwamba ndiga ni chakula na ni sumu. Humenywa, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa katika tenga na kulazwa kwenye maji yanayokwenda, siku baada ya siku, mpaka povu liishe na uchungu utoke. Kisha huanikwa, hutwangwa, na unga wake husongwa ugali.

Somoe alifanya yote ila kungoja. Likwata alilia tangu asubuhi, halafu akaacha kulia, na kule kunyamaza ndiko kulikomtisha mama yake. Akashuka kijitoni, akatoa vipande vichache kabla ya wakati, akavichemsha sana akidhani moto utafanya kazi ya maji. Yeye hakuonja, kilikuwa kidogo mno. Mtoto alikula akashiba, akatabasamu. Baadaye akaanza kutapika na kuweweseka, na jua lilipotua alikuwa maiti.

"Sema njaa imemuua," mkwewe alimwambia wakati wakimzika. "Hutakuwa umesema uongo."

Somoe akasema hivyo, na hakuongeza neno.

Mvua zilirudi. Miaka ikapita, na Somoe akawa msimulizi asiye na mfano. Akiigiza fisi, watoto walikimbilia mapajani mwa mama zao. Akianza wimbo wa katikati ya hadithi, watu wazima waliacha shughuli zao wakaitikia. Lakini wakimwuliza mwaka wa njaa walikula nini, alijibu, "Tulikula subira." Watu wakacheka, naye akaingia upesi katika hadithi nyingine. Mkwewe alifariki. Wenziwe waliovuka naye njaa ile wakatangulia mmoja mmoja, na waliohamia kijijini baadaye hawakuijua ndiga hata kwa jina.

Zainabu alikuwa na watoto watatu mvua ilipokataa tena. Somoe akafunga safari kwenda kwa ndugu yake, ng'ambo ya mto, kuomba mtama. Aliporudi na kijifuko chake kichwani, alikuta watu wamejaa uani. Wajukuu zake wawili walikuwa wamelazwa mkekani, wamefunikwa shuka moja. Wa tatu, ambaye alikuwa bado ananyonya, alikuwa kifuani kwa mama yake. Karibu na mafiga palikuwa na maganda. Somoe aliyatambua kwa mbali, akaketi pale pale chini.

"Nilidhani ni viazi," Zainabu alisema. "Nilivichimba mwenyewe, nikawaachia wao vyote. Walifurahi sana."

"Ni ndiga. Hulazwa majini kwanza."

Zainabu akamtazama. "Kumbe unaijua?"

"Naijua."

"Tangu lini, mama?"

Somoe akamweleza, mbele ya watu wote. Alieleza habari za kijito, za tenga, na za vipande alivyovitoa kabla ya wakati. Hakujitetea.

"Nimekua nikiambiwa kaka yangu alikufa kwa njaa," Zainabu alisema. "Umenifundisha hila zote za sungura. Hili moja ndilo lililokushinda?"

"Niliona haya, mwanangu. Nilidhani nikilinyamazia litakufa."

"Halikufa. Njaa ilimla mwanao ukaificha. Sasa imerudi kula wangu."

Wakazika. Kesho yake Somoe alichukua jembe, akawakusanya wanawake, akawafundisha kuchimba, kukata na kulaza. Alishinda kijitoni akilinda matenga, na hakumruhusu mtu kutoa kipande kabla ya wakati hata mtoto alie namna gani. Kijiji kikaivuka njaa ile kwa ndiga.

Watu walimshukuru. Zainabu hakumshukuru. Alimpikia mama yake, akamwogesha alipozeeka, na siku yake ilipofika akamzika kwa heshima zote, lakini hakuketi tena kusikiliza hadithi zake. Naye Somoe, kila watoto walipomzunguka, aliwaeleza kwanza kifo cha Likwata ndipo awape sungura wao. Wapo mama waliokasirika kwa kuwa watoto wao walirudi nyumbani wakilia. Somoe hakuacha. Yale maneno ya Zainabu watu wakayashika, wakayafupisha, yakawa methali.

Bibi Sikudhani aliuvuta ungo wake. Swalehe akauliza wale watoto wawili waliitwaje.

"Hemedi na Siwatu," bibi alijibu. "Yule aliyebaki ndiye aliyemzaa mama yangu."

Latifa aliyarudia majina hayo kwa sauti ya chini. Mjomba alisogeza kigoda chake karibu, akaomba aelezwe tena namna ya kuilaza ndiga. Bibi akaanza upya, taratibu, bila kuruka kitu, kwa maana njaa isiyosimuliwa hula mara mbili.