Jiwe la Bahati Juu ya Kaburi

Isome yote kwanza, ndipo umpelekee mwenzako.

Faki alikuwa mtembeza wageni, na mdomo wake ulikuwa mtamu kupita kiasi. Aliwavusha watu hadi kisiwa kidogo kisichokaliwa, akawaonyesha kasa, pango lenye maji baridi na popo wakubwa wanaolala kichwa chini. Wakianza kupiga miayo, aliwapeleka kwenye kaburi moja la mawe lenye nguzo, na kwenye nguzo hiyo limepachikwa bakuli lenye michoro ya maua ya buluu.

"Hapa kalala mchawi," aliwaambia. "Mrushie jiwe upate bahati."

Uongo mtupu, kajizulia mwenyewe. Jiwe la kwanza akirusha yeye, wageni wakifuata huku wakicheka. Siku moja jiwe lake lilitia ufa bakuli lile, wala hakujali.

Nyumbani, mama yake mgonjwa alikuwa na ombi moja tu. Kila khitma, kisomo cha kuwaombea marehemu, walimrehemu Bi Mize, mwanamke aliyemwokoa babu yake Faki wakati wa ndui, akazikwa mahali wasipopajua. Mama alitaka alione kaburi lile kabla hajafa. Faki alijibu inshallah, akatoka, akasahau.

Basi siku moja, kati ya wageni, alikuwemo Bi Zuwena, mzee wa Mombasa. Alikataa kurusha jiwe. Alilitazama bakuli kwa muda mrefu, kisha akafungua kanga aliyoibeba na kutoa bakuli la pili, maua yale yale.

Wageni waliacha kucheka.

"Yalikuwa mawili," alisema. "Bibi yangu na dada yake waligawana. Ndui ilipoingia, wagonjwa waliletwa hapa wafe. Dada mtu akaja kwa hiari yake, amlee mtoto mchanga aliyefiwa na wazazi. Mtoto alipona, yeye akafa. Bibi akalipachika bakuli la dada yake hapa, asije akasahauliwa."

Faki aligeuka, jiwe lingali mkononi.

"Akiitwa nani huyo dada, bibi?"

"Mize binti Kombo. Na mtoto akiitwa Makame."

Makame ndiye babu yake Faki. Jiwe lilimdondoka mkononi. Miaka yote ile alikuwa akimpiga mawe mtu ambaye mama yake alikuwa akimlilia. Alipiga magoti mbele ya wageni wake, akaanza kuyaondoa yale mawe kwa mikono.

Kesho yake alimleta mama yake, amembeba mgongoni. Mama alilia kwa furaha, akasoma dua, akalipapasa kaburi polepole. Kidole chake kikafika kwenye ufa wa bakuli, kikasimama.

"Nani kamfanyia hivi, mwanangu?"

Faki alifungua mdomo. Mdomo ule uliojaa hadithi haukutoa hata neno moja.

Funzo: Usimzulie marehemu usiyemjua ili uwachekeshe wageni. Huenda bila yeye wewe usingezaliwa.