Faru na Watu Wasio na Majina

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na Bunge lao, na kamati zao, na mihuri yao, palikuwa na mto ulioitwa Gugumia. Wakati wa kiangazi ungeuvuka bila kulowesha magoti. Masika yakiingia, lo, mto ule haukujua jirani wala mgeni. Ulipanda, ukaingia bondeni, ukabeba vyungu na vitanda na wenye vitanda.

Basi Bunge la Nyika likaunda Idara ya Uokozi, na mkuu wake akawekwa Faru. Kwa nini Faru? Kwa sababu ni mkubwa. Watu wa zamani walidhani mwili mkubwa ndiyo kazi kubwa, na wewe unayecheka hapo, usijifanye hujawaona wa leo. Macho ya Faru hayaoni mbali, kila mtu anajua, lakini siku ya kumteua hakuna aliyelisema.

Idara ilikuwa na wafanyakazi kumi na wawili. Mmoja wao alikuwa Pimbi, mama mfupi wa kwenye mawe ya kilimani, mwenye mdomo usiofungika. Jina lake Siwatu.

Kazi yao ilikuwa kamba. Mto ukifurika, walisimama mstari mmoja juu ya mawe, kutoka ukingoni mpaka kwenye kina, wakapokezana kamba ya katani iliyofungwa kwenye chelezo cha magogo yaliyounganishwa. Juu ya chelezo walikaa watu wa bondeni na watoto wao. Mvua ya huko ni nzito, humwoni hata uliyemgusa bega. Kwa hiyo kazi ilikuwa na mwiko mmoja: usiachie kamba mpaka umwite mwenzako kwa jina lake, na yeye mwenyewe akuitikie.

"Makame!"

"Nipo, nimeshika!"

Hapo ndipo unaachia. Tena jina hasa, si kuita "wewe Ngiri", maana ngiri walikuwa wanne mstarini.

Sasa, Faru hakupenda watu wakae. "Mpya haulizi," alikuwa akimwambia mkewe wakila. "Mpya anaogopa. Akishazoea anaanza maneno yake. Mzee tumechoka, Mzee kamba imechakaa. Mimi sina masikio ya hayo."

Aliyeomba kupumzika aliambiwa akapumzike kwao. Aliyesema kamba imechakaa alipewa barua siku hiyo hiyo. Hata Makame, yule Ngiri hodari kuliko wote, aliondoka asubuhi moja bila kuaga. Akija mwingine, na yeye hamalizi masika mawili. Wa zamani akabaki Siwatu peke yake.

Na hapo ndipo msiba ulipoingilia. Masika yaliyopita, mstarini walisimama wageni tisa. Mmoja akaita, "Wewe!" Watatu wakaitikia, "Nipo!" Akaachia. Kumbe katika wale watatu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeshika. Kamba ikaenda chwaa, na chelezo kikafuata.

Juu ya chelezo alikuwapo Bi Kanga na vifaranga wake kumi. Walipokuja kukwama kwenye matete kule chini, Bi Kanga alihesabu saba. Akahesabu tena, saba.

Siwatu ndiye aliyekuwa amewapandisha. Aliwashika mmoja mmoja kwa mikono yake, akawaambia wasiogope. Tangu siku ile akiona wingu tu anawakumbuka.

Mnauliza, je, Bunge lilikuwa wapi? Bunge lilikuwapo. Kila mwaka Kamati ya Maafa ilikuja kukagua, Mwenyekiti wake Tembo, karani wake Twiga. Faru aliwapanga wafanyakazi, Tembo akapita akihesabu.

"Mmoja, wawili, watatu..." mpaka kumi na wawili. "Nafasi zote zimejazwa?"

"Zote, Mheshimiwa."

Twiga akaandika "zote", wakala ndizi, wakaenda zao. Siku moja Siwatu alinyoosha mkono, akasema, "Mheshimiwa, hawa si wale wa mwaka jana." Tembo akamtazama kutoka juu, akamwambia, "Mama, sisi tumetumwa kuangalia idadi, na idadi imetimia." Faru alilisikia lile, akaliweka moyoni.

Mwaka tunaousimulia, siku tatu kabla Kamati haijafika, na mvua za kwanza zimeshaanza, Faru alimwita Siwatu.

"Wewe."

"Nina jina, Mzee."

"Wewe mfupi. Shika barua yako. Kuanzia leo huna kazi hapa. Nafasi yako nimeshampa mwingine, tena mnyenyekevu."

Siwatu aliisoma barua, na damu ikamchemka. Miaka sita ya kusimama kwenye maji ya shingo, kisha anaitwa wewe mfupi. Alikuwa na maneno tayari kwenye ncha ya ulimi, ya kumtosha Faru na ukoo wake wote. Akayameza. Akaikunja barua taratibu, akaanza kumpaka Faru mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Sawa, Mzee, nakwenda. Inaniuma tu kwamba sitakuona ukivishwa nishani."

Faru akasimamisha masikio. "Nishani gani?"

"Kwani hukuambiwa? Kamati imechoka kuhesabu vichwa. Safari hii watataka kuona kazi yenyewe. Mkuu akipanda chelezo yeye mwenyewe, watu wake wakamvuta mpaka ukingoni mbele ya Waheshimiwa, nani atamnyima nishani?"

Faru akautazama mto. Hakuuona vizuri, ila aliusikia. "Maji yameshakuwa mengi."

"Ni kweli, ni mengi. Basi tuyaache, Mzee. Hata hivyo yupo Kiboko, anakitaka sana cheo hiki, na maji kwake ni kitanda."

"Fffu!" Faru akapuliza pua mpaka tope likaruka. "Kiboko anivue cheo mimi? Andaeni chelezo."

Siwatu akatoka pale kwa adabu zote. Alipolipita jabali la kwanza akatoka mbio mpaka kwa Makame, akamkuta anachimba mihogo.

"Makame, nakuhitaji kwenye kamba."

"Hunipati," Makame akasema bila kuinua kichwa. "Nilishaapa. Mimi nimvutie kamba Faru tena?"

"Nani kamtaja Faru? Mvua hiyo imeanza. Bi Kanga amebakiwa na saba. Unataka safari hii ahesabu wangapi?"

Makame akaendelea kuchimba, jembe mara mbili, mara tatu. Kisha akalitupa jembe. "Kamba iko wapi?"

Kutoka hapo wakamfuata Hidaya, mama Nungunungu, wakamfuata Sudi, Kima mwenye mikono mirefu, na wengine wanane walioacha kazi kabla yao. Wote walikataa kwanza, na wote wakaja. Siwatu akafunga kamba ya pili chini ya chelezo, mahali asipopaona mtu, na ncha yake akawapa wale kumi na mmoja wakajifiche nayo kwenye matete ya chini. Alikuwa na hasira na Faru, lakini hakutaka kumuua mtu.

Siku ya Kamati mvua ilinyesha ya kumwaga. Tembo na Twiga na wajumbe wengine wa Kamati walisimama ukingoni chini ya majani ya mgomba. Faru akapanda chelezo, kifua mbele, na kitambaa cha cheo begani. Wafanyakazi wake kumi na wawili, wapya kabisa, wakajipanga juu ya mawe. Wakamwachia mpaka katikati ya mto.

"Vuteni sasa!" Faru akanguruma. "Kamati ione!"

Wakaanza kuvuta. Huko kwenye mvua ikasikika sauti, "Wewe! Umeshika?"

"Nipo!"

"Nipo!"

"Nipo!"

Chwaa. Kamba ikaponyoka yote, na chelezo kikaanza kuteremka na mkondo.

"Shikeni kamba!" Faru akapiga ukelele.

"Nani ashike?" sauti ikauliza.

"Wewe!"

"Mimi nani?"

"Wewe... wewe mwenye masikio!"

Wote kumi na wawili wakajishika masikio. Na Tembo pale ukingoni akajikuta anayashika yake.

Mara kamba ya pili ikakaza, ngwii. Chelezo kikasimama katikati ya mto, kikawa kinazunguka, na Faru juu yake amepiga magoti.

"Mkuu wa Idara!" Tembo akaita. "Waite watu wako kwa majina, wajue nani afanye nini!"

Faru akajaribu. "Yule... yule wa Jumanne... yule mnene aliyeletwa na shangazi yake..." Kisha akakumbuka. "Pimbi! Uko wapi, Pimbi?"

Siwatu alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na Kamati. "Mapimbi tumejaa huko kilimani, Mzee. Unamtaka yupi?"

"Wewe uliyekaa miaka sita!"

"Ana jina huyo."

Maji yalipiga chelezo, po, po, po. Faru akalia kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo. "Jina lako nani?"

"Siwatu. Miaka sita nimekuvutia kamba, na leo ndiyo unauliza."

"Siwatu, nivute, tafadhali."

"Nikuvute kama nani? Mimi si mfanyakazi wako." Akaichomoa barua kifuani, akampa Twiga. "Soma, karani, wewe umezoea kuandika tu."

Twiga akainama, akasoma: "Ameachishwa kazi. Sababu: anaulizauliza wenzake wamekwenda wapi."

Tembo akakohoa. "Mama, jambo hili ni zito. Mwokoe kwanza, tutalizungumza baadaye."

"Hapana, Mheshimiwa," Siwatu akasema, akasimama juu ya jiwe lake, na hata aliposimama hakufika goti la Tembo. "Baadaye ndiyo iliyotufikisha hapa. Mmekuja mara sita, mkahesabu kumi na wawili mara sita. Mimi nimehesabu walioondoka. Ni hamsini na wanne. Wote walitoka kwa njia ile ile mliyoingilia nyinyi, na hakuna Mheshimiwa hata mmoja aliyewauliza, mwenzetu, mbona umebeba virago? Vifaranga watatu wa Bi Kanga wamekufa kwa sababu ya hesabu yenu. Tutazungumza sasa hivi, na Mkuu akiwa pale pale. Pale anasikia vizuri."

Tembo alitaka kukasirika. Akamtazama Faru anavyozunguka, akashusha masikio. "Sema."

Siwatu akageukia matete. "Makame! Uliondoka kwa nini?"

"Siku nne bila kulala," sauti ikatoka kwenye matete. "Nilipoomba usiku mmoja, nikaambiwa mimi ni mvivu."

"Hidaya!"

"Nilisema kamba imechakaa."

"Sudi!"

"Niliomba ruhusa nikamzike mama. Nikanyimwa. Nikaenda, na niliporudi nikakuta mtu kwenye nafasi yangu."

Wakaitwa wote kumi na mmoja, wakasema wote kumi na mmoja. Twiga aliandika mpaka shingo ikamuuma. Faru aliyasikia maneno yote, moja baada ya jingine, na hakuwa na pa kwenda.

"Umeandika?" Siwatu akamuuliza Twiga.

"Nimeandika."

"Basi tufanye kazi." Akaruka kutoka kwenye jiwe lake, akaingia majini mpaka kwenye matete, akashika ncha ya kamba ya pili. "Makame!"

"Nipo, nimeshika!"

"Hidaya!" Makame akaita.

"Nipo, nimeshika!"

Jina kwa jina, mkono kwa mkono, chelezo kikaja ukingoni. Faru akashuka. Kitambaa cha cheo kilikuwa kimekwenda na maji, na Tembo akamwambia asihangaike kukitafuta.

Lakini mto hausubiri mikutano. Alasiri ile ile Gugumia ulipanda kweli kweli, na kelele za watu wa bondeni zikasikika. Tembo akaanza kukusanya wajumbe wake waondoke kabla njia haijafungwa.

"Mnakwenda wapi?" Siwatu akawazuia njiani, mikono kiunoni. "Watu ni wengi na mstari ni mfupi. Mheshimiwa, simama hapa, kati ya Sudi na mimi. Na hawa wapya nao tuwachanganye, wajifunze majina. Na wewe, jina lako nani?"

Miaka mingi Tembo alikuwa hajaulizwa swali lile. Kila mtu alimwita Mheshimiwa. "Ngwali," akasema polepole. "Mama aliniita Ngwali."

"Haya, Ngwali, shika kamba. Ukiitwa, itika. Usipoitika, watu watakufa."

"Nipo," Tembo akasema. "Nimeshika."

Wakavusha chelezo cha kwanza, na cha pili, na cha tano. Katika cha tano alikuwamo Bi Kanga. Aliposhuka hakumshukuru mtu. Alihesabu, akapata saba, akakaa chini matopeni akalia, na Siwatu akakaa naye kidogo kabla hajarudi kwenye mstari.

Basi wanangu, mimi nimefika ukingoni na kamba yangu naiachia hapa, shikeni nyinyi: kuhesabu vichwa si kuwajua wenye vichwa.