Kiti cha Nyuma ya Jiko

…na wala si dawa iliyomwachisha, jamani, ni kiti! Kiti kiliondoka nyumbani kikamwacha kasimama, na sigara ikaishia hapo. Ngojeni kwanza, nimeanzia mkiani. Mmesikia watu wakisema "hamu isiyopewa kiti hujiondokea," mkataka kujua nani aliyeanza kusema hivyo. Haina miaka mingi methali hii, na ilizaliwa hivi.

Kule Muheza, kwenye machungwa, palikuwa na fundi cherehani mmoja jina lake Singano. Fundi hodari, mkono mwepesi, ukimpelekea kitambaa asubuhi jioni unacheza nacho ngoma. Ila nguo ukiichukua kwake uliifua kwanza ndipo uivae, maana ilinuka sigara kuanzia kola mpaka pindo. Wanawake walimtania: "Fundi, mimi nilileta kitambaa tu, huu moshi umeniongezea wa nini?" Naye anacheka, anakohoa, halafu anacheka tena.

Kuvuta ndani ya nyumba mkewe, Mama Salha, alimkataza tangu zamani. Kwa hiyo Singano alikuwa na kiti chake nyuma ya jiko, kiti cha mbao, mguu mmoja mfupi, kimewekewa kipande cha tofali chini. Hamu ikimpanda anaacha cherehani, anatupia gauni la mtu begani, anazunguka nyuma, anakaa, anawasha. Anavuta huku anapindia mikono ya gauni kwa sindano. Hata kuku walijua. Akikaa tu, wao wanahamia upande wa pili.

Sasa binti yake Salha akarudi nyumbani na mimba yake ya kwanza, maana kwao uzazi wa kwanza mtu hujifungulia kwa mama yake. Mumewe dereva wa lori, na wakati huo yuko njia ya Kongo. Na mtoto akizaliwa lazima asomewe adhana sikioni. Baba yake hayupo, basi atasoma babu. Singano alifurahi mpaka akaanza kufanya mazoezi ya sauti huku anakanyaga cherehani.

Salha alimsikiliza siku kadhaa. Halafu asubuhi moja akamletea chai, akasimama mbele yake na tumbo lake.

"Baba, adhana utaisoma kwa mdomo huo?"

"Kwani nina mwingine?"

"Mdomo wako utakuwa hapa, na pua ya mwanangu hapa." Akamwonyesha kwa vidole, karibu kabisa. "Sitaki akija duniani akaribishwe na sigara. Siku hiyo ikifika bado unavuta, atasoma Mzee Kihiyo."

"Kihiyo? Yule wa ugoro?"

"Ugoro wake uko puani, Baba. Mdomo wake msafi."

Mzee Kihiyo alikuwa jirani yao, mtu mwema kabisa, ila ugoro ulimziba mpaka akawa anaongea kwa pua, na mbuzi wake walizoea kuitwa hivyo. Singano akajiwa na picha ya mjukuu wake wa kwanza anasomewa adhana ya kwanza maishani mwake na pua ya Kihiyo. Chai ikamshinda.

Akaapa kwamba ameacha. Mdogo wake aliyeko Dar akampigia simu: kaka, kuna plasta za kubandika mkononi, kuna na chingamu za duka la dawa, wengine zimewasaidia, nikutumie? Singano akamjibu, "Ahsante mdogo wangu. Kuanza sikuanza kwa plasta, niache nijaribu hivi hivi."

Shida ikawa kwenye hiyo hivi hivi yenyewe. Pakiti aliitumbukiza chooni, sawa. Ila hamu ilipokuja, akafanya kile kile alichozoea: akaenda nyuma ya jiko, akakaa kwenye kiti chake mikono mitupu, akasema tutapambana hapa hapa, mwanamume hakimbii. Akakaa, na hamu nayo ikakaa. Akatafuna karafuu, akatafuna karanga, akatafuna mpaka njiti ya kiberiti. Wanaangaliana tu. Mwisho wake kila mara ni ule ule, anainuka anakwenda dukani "kununua sindano," anarudi ananuka.

"Sindano za siku hizi," Mama Salha anasema, "zinatoa moshi."

Tumbo la Salha likazidi kushuka. Singano akaanza kumtazama Kihiyo kwa jicho la wivu kila anapopita na mbuzi wake.

Ndipo Kihiyo akawa anamwoza binti yake. Na pale kijijini harusi ya mmoja ni viti vya wote. Kila nyumba inatoa vyake, inavipaka alama ya rangi chini ya kikalio ili visije vikarudi kwa mwingine. Mama Salha akatoa viti vya sebuleni, akaambiwa bado havijatosha. Akazunguka nyuma ya jiko, akatoa na kile, pamoja na tofali lake.

Asubuhi ya harusi hamu ikampanda Singano mguu ukiwa kwenye cherehani. Akazunguka nyuma. Mahali peupe, na kuku mmoja amesimama pale pale kilipokuwa kiti, kama amepata kiwanja.

"Mama Salha, kiti changu kiko wapi?"

"Kimeenda harusini."

"Na mimi nikae wapi?"

"Kwani hicho kitako kinajua kiti kimoja tu?"

Akatoka kukifuata. Sasa si mnajua nyumba yenye shughuli, mwanamume hupiti pale mikono mitupu. Hajamaliza kusalimia, ameshakabidhiwa upande mmoja wa sufuria la pilau. Anatua sufuria, anaitwa kwenye turubai, kamba imelegea. Anamaliza turubai, kuna kuni za kupasua. Na kote huko jicho linatafuta kiti. Mwisho akakiona pembeni ya meko, amekikalia Bi Mwanjaa.

Bi Mwanjaa ndiye mpishi wa shughuli zote za pale, mama mwenye mwili wake na maneno ya akiba. Alikuwa anamenya vitunguu saumu.

"Shikamoo, Bi Mwanjaa."

"Marahaba, fundi."

"Hicho kiti ni changu."

"Najua. Kinanuka kama wewe."

"Nakihitaji sasa hivi."

"Wewe unakihitaji, mimi nimekikalia. Hapo nani mwenye kiti?"

Wapishi wakaangua kicheko. Singano akabaki amesimama, anahamisha uzito mguu huu, anahamisha mguu ule. Bi Mwanjaa akamwangalia ile miguu, akatabasamu.

"Unanikumbusha shemeji yangu wa Pongwe. Yule akija kwangu kukaa anamaliza mwezi. Na mgeni kumfukuza siwezi, ni aibu. Basi nikimwona anakuja, viti vyote naviingiza chumbani. Akipiga hodi naitika, nampa maji, naongea naye vizuri tu. Lakini kiti hakuna. Anasimama, mguu huu, mguu ule, kama wewe hapo. Baadaye kidogo anasema jamani mimi naenda. Anajiondokea mwenyewe wala hajanuna."

"Siku zote?"

"Siku zote. Mara moja tu nilisahau kigoda nje. Akala na Idi kwangu."

Singano alifungua mdomo acheke, ukabaki wazi. Akajipapasa kifuani kama mtu aliyepoteza pochi. Hamu haikuwepo. Ile ile aliyotoka nayo nyumbani, akabeba nayo sufuria, akafunga nayo turubai, ilishakwenda zake na yeye hajui imemwacha wapi.

"Bi Mwanjaa," akasema polepole, "kikalie hicho kiti."

"Nilikuwa nangoja ruhusa yako?"

"Kikalie mpaka kivunjike."

Harusi ikaisha, viti vikarudi kila kimoja kwao, ila kile Singano akakikataa mlangoni. Kikabaki kwa Kihiyo.

Na hamu iliendelea kuja, msidanganyike. Ilikuja baada ya chai, ilikuja baada ya ugali, ilikuja akisikia tu mtu anawasha kiberiti. Ila ikibisha hodi, Singano ameshainuka. Anachota maji, anamwagilia miche ya michungwa, anampelekea mteja gauni lake mpaka nyumbani. Anaisemesha kwa adabu kabisa: "Karibu, ila viti vimeenda harusini." Mama Salha akadhani mume kapandwa na kitu. Siku za mwanzo zilikuwa chungu. Usingizi ulikuwa haba, uzi ukikatika anautukana, akiulizwa chumvi iko wapi anajibu kama kaulizwa mahari. Mara moja alichoka, akajisahau, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko. Hamu ikakaa naye. Akairuka ile ndoo kama imemng'ata, akaenda kuosha masufuria yasiyo yake. Lakini kadiri ilivyokosa pa kukaa, hamu ikafupisha ziara zake, halafu ikawa inakuja kwa nadra, kama yule shemeji wa Pongwe.

Salha akajifungua asubuhi moja pale zahanati, mtoto wa kike. Singano akafika na kanzu yake. Kihiyo naye akafika na kanzu yake, kwa tahadhari tu. Mama Salha akatoka na mtoto kwenye kanga, akawazuia wote wawili kwenye kibaraza.

"Baba Salha, fungua mdomo."

"Mbele za watu?"

"Fungua."

Akamnusa. Akamnusa mara ya pili, kwa sababu hakuamini pua yake. Akanusa vidole, akanusa na kola.

"Mama, vipi?" Salha akauliza kutoka ndani, sauti imechoka lakini masikio yako wazi.

Mama Salha akageukia mlangoni. "Ananuka sabuni," akasema. "Sabuni tu."

Singano akampokea mtoto, akainama sikioni. Ile sauti aliyoifanyia mazoezi juu ya cherehani ikatoka ndogo, nyororo, bila kikohozi hata kimoja. Mtoto akafumbua jicho moja, akalifumba, akatulia. Kule ndani Salha alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Kihiyo akamsogelea jirani yake, akanong'ona kwa pua, "Fundi, niambie ukweli. Ulimeza nini?"

"Sikumeza kitu."

"Ulibandika?"

"Sikubandika. Hamu isiyopewa kiti hujiondokea."

Kihiyo akaingiza mkono mfukoni, akakigusa kikopo chake cha ugoro, akauchomoa mkono bila kitu. "Kiti gani? Kile kilichoko kwangu? Hebu nieleze vizuri."

Singano akatazama mkononi mwake. Mjukuu alikuwa ameshalala, mdomo wazi.

"Kesho, jirani," akasema kwa sauti ya chini. "Kesho njoo nikumalizie yote. Ila usije na kiti."