Kumi ya Kasuku

Paukwa!

"Pakawa!"

Zama hizo wanyama na watu wakisikilizana, palikuwa na mama mmoja, jina lake Nyamizi. Siku moja watoto kumi na wawili wa kijiji chake walivuka mto kwenda kuokota uyoga. Wawili kati yao walikuwa wanawe, Kabula na Lubango.

Mara msitu ukashika moto. Moshi ukafunika kila kitu, watoto wakatawanyika.

Nyamizi akamwita Kasuku. "Ruka, baba, ruka! Tazama ni wangapi wamevuka kurudi upande wetu."

Kasuku akaruka, akarudi. "Wamekwisha kuvuka, wako kule bondeni, wanakuja. Kumi na wawili!"

"Kumi na wawili?"

"Kumi na wawili!"

Watu wakashukuru. Wakavuta gogo la kuvukia, moto usije ukalifuata hadi kijijini.

Watoto wakafika. Nyamizi akawapapasa mmoja mmoja. Walikuwa kumi. Kabula hayupo. Lubango hayupo.

"Kasuku, umenidanganya!"

"Sikukudanganya, mama. Nilihesabu kwa vidole vyangu. Vidole vikiisha, nasema kumi. Viliisha, wakabaki wawili. Ndiyo kumi na wawili."

Nyamizi akaitazama miguu ya Kasuku. Huku vidole vinne, huku vidole vinne.

"Ole wangu," akasema. "Kumi yako ni nane yangu."

Je, wanangu, Kasuku alisema uongo?

"Hapana!"

Nyamizi je, alikosea wapi?

"Hakuuliza!"

Naam, hakuuliza.

Yeye na wanaume wa kijiji wakarudisha gogo, wakavuka. Mbele yao jabali lenye mapango mengi, na moto unalikaribia. Pango moja wangewahi kuliingia kabla ya moto. Mawili, hapana.

Vimulimuli watatu wakatokea motoni. "Tumewaona wanao, mama. Wamo pangoni. Lakini sisi hatuna vidole vya kuhesabia. Tunajua kuwaka na kuzima tu. Ututazame, tutakuonyesha ni pango la ngapi."

Wakajipanga mstari. Wa kushoto akawaka. Wa kati akazima. Wa kulia akawaka.

"Taa mbili!" wanaume wakapiga kelele. "Pango la pili, twendeni!"

"Ngojeni!" Nyamizi akawazuia. Akawauliza vimulimuli, "Kila mmoja wenu, akiwaka, ana thamani gani?"

"Wa kulia akiwaka, ni moja. Wa kati akiwaka, ni mbili. Wa kushoto akiwaka, ni nne. Aliyezima hahesabiwi."

"Nne na moja," Nyamizi akasema. "Pango la tano!"

Wakakimbia. Wakaingia. Wakamkuta Kabula amemlalia mdogo wake, kamfunika kwa mwili wake. Wote wawili walikuwa wakipumua. Lakini Kabula alikuwa amemeza moshi mwingi, na sauti yake haikurudi tena.

Tangu siku hiyo, kijijini kwao, aletaye hesabu huulizwa kwanza: "Kumi yako ni ngapi?"

Hata kompyuta za leo, wanangu, huhesabu kama vimulimuli, kwa kuwaka na kuzima. Na wanaozitengeneza, mara nyingine kumi yao ni kumi na sita yetu. Hakuna anayesema uongo hapo. Basi kabla hujaipokea hesabu ya mtu, muulize anahesabuje.

Ngano yangu imefika kwao, imelala.