Nyama ya Miguu Ilivyojifunza Kuondoka

Kuna wakati uzee haukushuka chini ya kiuno, wajukuu zangu. Nywele ziligeuka nyeupe, meno yakang'oka, macho yakafifia, lakini miguu ya mzee ilibaki minene na migumu mpaka anazikwa nayo.

Wakati huo, huku kwetu milimani, aliishi bibi mmoja aliyeitwa Mghoi. Kila asubuhi alishuka bondeni kuteka maji, akapanda na mtungi mgongoni, wakwe zake, wake wa wanawe, wakihema nyuma yake. Mwanawe, Mwadime, alimpenda mno. Akamchongea kiti kipana, akakitandika ngozi ya kondoo.

"Mama, umetulea vya kutosha. Keti sasa."

"Nikiketi nitafanya nini?"

"Utaketi tu, mama."

Akaketi. Akaletewa maji, akaletewa chakula. Hata jua likimfikia, alibebwa pamoja na kiti chake akahamishiwa kivulini. Vuli ikapita, masika yakapita. Wazee wa jirani walipoiona raha ile, nao wakawadai watoto wao viti.

Siku moja wote walikwenda shambani, Mghoi akabaki na mjukuu wake Wakio, ambaye ndiyo kwanza anatambaa. Mtoto akayaendea mafiga, moto ukiwaka. Mghoi akataka kuruka amdake. Miguu haikuitika! Alianguka kifudifudi, akajikokota kwa viwiko huku akipiga kelele. Alimfikia, akamshika kisigino, akamvuta. Lakini kiganja cha mtoto kilikuwa kimeshagusa kaa.

Vilio vyao viliwaleta watu mbio. Mwadime akamwinua mama yake, nguo ikapanda juu ya magoti. Nusura amwachie.

"Mama! Mapaja yako yako wapi?"

Palipokuwa na mapaja palining'inia ngozi juu ya mfupa. Mkwe mmoja alifunika uso. Mzee wa jirani, aliyeletwa amebebwa, akajifunua, akapiga ukelele: na yake yamekwisha. Mlima mzima ulijaa mayowe, kila nyumba wazee wakijipapasa.

Hapakuwa na mchawi wala mnyama. Mulungu aliiweka nyama ile miguuni ili imbebe mtu. Ilipokaa bila kubeba, iliondoka yenyewe, kidogo kidogo, bila kuaga.

Mwadime alilia, akisema ni yeye aliyemwua mama yake. "Sijafa," Mghoi akamwambia. "Nipe mkono nisimame." Akasimama, akaanguka, akasimama tena. Mavuno yalipofika alishuka bondeni kwa fimbo. Nyama ilikuwa imerudi, ila si yote.

Na tangu wakati huo nyama ya miguu inaijua njia ya kutoka. Mtu akizeeka, nyama hiyo huanza safari, hata kama hakuwahi kuchongewa kiti. Kwa anayesimama na kutembea, huondoka ikisitasita. Kwa anayeketi tu, haigeuki nyuma. Kwa hiyo mkimwona bibi yenu akihangaika kuinuka, msimkimbilie upesi. Kaeni karibu, lakini mwacheni kwanza ajaribu.