Mlimani Mchovu Hutangulia

Mlimani mchovu hutangulia. Mmeisikia asubuhi kwa shangazi yenu, mkacheka, mkaniuliza tangu lini mchovu akaongoza njia. Tulieni basi, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Mzee Ndewario wa Marangu aliongoza wageni Kilimanjaro miaka thelathini. Mkewe, Aikande, hakuwahi kukanyaga hata lango la hifadhi. Mlima aliuita mke mwenzake. "Kwake unalala siku sita, kwangu unaleta nguo za kufua," alikuwa akimtania mumewe, na utani ule ulikuwa na mwiba ndani yake.

Daktari alipomwambia mzee kuwa magoti yake yamebakiwa na safari moja tu, alimwomba mkewe waende wote, japo hadi kreta ya Maundi, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Aikande alikataa wiki nzima. Siku ya nane akavaa raba za mwanawe, akafunga ndizi za kuchoma kwenye khanga, akatoka akinung'unika.

Msituni, mzee aliponusa udongo mbichi, magoti aliyasahau. Akashika mwendo wake wa kazi. Kwenye kila kona alimngoja mkewe. Lakini Aikande akimfikia tu, akihema, mzee aliyekwisha kupumzika huyo anaondoka tena. Mara ya nne mama alikaa juu ya gogo, akafungua khanga, akaanza kula ndizi peke yake.

Mzee akarudi mbio. "Mama Elinami, umeumia?"

"Sijaumia. Nenda tu, Baba Elinami. Mgongo wako naujua. Miaka thelathini nautazama ukiondoka."

Maneno yale yalimchoma mzee. "Wageni wangu sikuwatembeza hivi hata siku moja," akasema. "Aliyechoka nilimweka mbele, wengine wote tukafuata hatua zake, asiachwe mtu. Wewe ndiye niliyekusahau. Nisamehe, mke wangu. Tangulia."

"Nitakwenda kama kinyonga."

"Nenda kama kinyonga."

Aikande akatangulia. Alisimama kutazama mbega, alisimama kufunga kamba za raba, kisha akasimama bila sababu, aone kama kweli mzee atasimama. Mzee naye akasimama.

Walifika kreta saa nane. Mawingu yalipofunguka, mzee alinyoosha fimbo kuelekea migombani, chini kabisa. "Kwetu ni pale. Kila safari nilisimama hapa nikakusalimia."

Aikande akamshika mkono, machozi yakimlengalenga. "Na mimi kila safari nilisimama uani nikatazama huku. Sikukuambia tu."

Wakati wa kushuka magoti ya mzee yaligoma. Aikande akampisha njia, akamfuata nyuma hatua kwa hatua, akiutazama mgongo ule ule, ambao safari hii haukumwacha. Jua lilikuwa linazama walipofika langoni. Askari wa hifadhi akawauliza mbona wanatambaa hivyo, na kwa nini mama mwenye nguvu zake amekaa nyuma.

"Mwanangu," Aikande akajibu, "mlimani mchovu hutangulia."